Dari la Banda la Tatu

Kituo cha Mafunzo ya Msituni
Jumatatu, 3 Juni

Kwa Mkuu wa Kituo,

Kuhusu: Makazi ya wanafunzi katika wiki ya kwanza

Mheshimiwa,

Ninayo heshima kukuarifu, huko masomoni uliko, kwamba wanafunzi wa msimu huu wa mafunzo ya ikolojia wamewasili wote wakiwa na afya njema. Tulitarajia kumi na wanne. Wamekuja kumi na wanane. Sikuona sababu ya kukusumbua kwa jambo ambalo msimamizi wa makazi ameajiriwa kulitatua, kwa hiyo nimelitatua.

Utaratibu niliourithi ulikuwa katika daftari moja lililochakaa, jalada limeliwa na mchwa, ndani mna miandiko isiyopungua mitano. Nimelihifadhi stoo. Badala yake nimeandaa Jedwali la Makazi, lenye rangi tatu, nikalibandika kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo hakuna asiyepita. Wanaofuatilia ndege, ambao huamka kabla ya alfajiri, wako Banda la Kwanza. Wa vyura, ambao hurudi wamelowa mpaka kiunoni, wako Banda la Pili, karibu na kamba za kuanikia. Wa wadudu na mimea wako Banda la Tatu.

Banda la Tatu lina kasoro moja tu. Darini mmeingia popo, na vinyesi vyao hudondoka juu ya vyandarua. Mwanafunzi mmoja amewasilisha malalamiko kwa maandishi. Nimemwagiza fundi seremala azibe kesho nyufa zote za dari na za kingo za paa, kabla hajaondoka kwenda likizo, ili utakaporejea mwezi ujao kuamua suala la kuthibitishwa kwangu kazini, ulikute banda hilo likiwa safi kuliko ulivyoliacha.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa Makazi


Ijumaa, 7 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo. Kwa Mkuu naandika kama gazeti la serikali. Kwako acha nivue viatu.

Mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Ile miaka minne ya chuo uliyonilipia haikupotea: nimegawa vitanda kumi na vinne kwa watu kumi na wanane na hakuna aliyelala chini. Nimeongeza vitanda vya turubai viwili, na wasichana wawili nimewapa chumba changu. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mimi nalala stoo, kati ya vyombo vya kukaushia majani na boksi la buti zisizo na wenzake. Mama akiuliza, mwambie nina chumba chenye dirisha. Dirisha lipo kweli, ila liko juu ya rafu ya tatu.

Kuna mwanafunzi mmoja wa siafu tumempa jina la Wakili, kwa sababu hasemi jambo bila kuliandika na kutaka sahihi. Siku ya pili tu alinijia na chandarua mkononi. "Msimamizi," akaniambia mbele ya watu, "naomba unifafanulie. Hiki ni chandarua au ni kichujio?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Basi nikamwita Fundi.

Fundi ni mzee mkavu, mfupi wa maneno. Akaniuliza, "Nizibe wapi?"

"Kote."

"Kote kote?"

"Fundi, kwani kuna kote ngapi?"

Akanitazama kidogo, akatia misumari mdomoni, akapanda ngazi. Jumanne nzima nilisikia nyundo. Jioni nilisimama njiani nikaona mbao mpya ukingoni mwa paa zimejipanga kama meno, na ndani ya banda hakudondoki kitu tena. Wakili ameandika barua ya shukrani, na ameniomba nimsainie kwamba nimeipokea.

Fundi ameondoka leo na gari hili hili la vifaa linalokuletea barua. Binti yake amejifungua. Nami najiona, dada, kama mtu ambaye mwisho wa mwezi ujao atakuwa na ajira ya kudumu.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumanne, 11 Juni

Kwa Msimamizi wa Makazi,

Hatujafahamiana. Mimi ndiye mtafiti wa popo, nafika Ijumaa tarehe 28 kwa msimu wangu wa nane, ambao ndio wa mwisho. Nahitaji kitanda cha tano, Banda la Tatu, kama nilivyoandika daftarini kwa mkono wangu ukurasa wa kumi na mbili.

Sina shaka umeusoma ukurasa huo, ila nimezoea kurudia: dari la Banda la Tatu lisiguswe. Popo wa humo nimewahesabu kila mwezi wa sita kwa miaka saba, wanapotoka jua likizama. Mwaka jana walikuwa mia moja tisini na saba. Hesabu ya mwaka huu ndiyo inayofunga tasnifu yangu; bila hiyo nitakuwa na miaka saba ya kazi na sura moja isiyo na mwisho. Wanafunzi wakilalamikia vinyesi, nyuma ya mlango kuna turubai la kufunga juu ya vyandarua. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Natanguliza shukrani.
Mtafiti wa popo


Jumatano, 12 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mbele ya chai mpaka ikapoa. Mama nimemweleza habari za dirisha, amefurahi sana, sasa anataka kukushonea pazia. Hilo utajijua mwenyewe.

Lakini nikuambie jambo moja, mimi niliyelea wasichana wa uuguzi bwenini kwa miaka tisa. Mtu akija kwangu na jedwali la rangi tatu, nampa kiti, namsikiliza, nasifu rangi. Halafu namuuliza: daftari la aliyekutangulia umelisoma? Humo ndimo nilimojua kwamba chumba namba sita bomba lake likifunguliwa mpaka mwisho, chumba namba mbili kinafurika. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo chuoni.

Umelisoma? Usinijibu kwa heshima na taadhima. Nenda stoo. Na kwa kuwa unalala humo humo, huna kisingizio.

Dada yako


Ijumaa, 14 Juni

Dada,

Barua yako na barua nyingine nimezipokea kwa mkono mmoja.

Nimelisoma daftari. Lilikuwa chini ya godoro langu; nimelilalia karibu wiki mbili. Ukurasa wa kumi na mbili, kwa wino mwekundu, umepigiwa mistari miwili: DARI LISIGUSWE. Lile banda nililoliziba lina popo ambao mtafiti mmoja amewahesabu kwa miaka saba. Anakuja tarehe 28 kuwahesabu mara ya mwisho ili amalize masomo yake. Na Fundi aliziba mchana, dada. Mchana popo wamo ndani wamelala.

Nilichukua ngazi, nikafungua mfuniko wa dari na kuingiza kichwa. Nilimulika tochi kila pembe. Hakuna kitu. Sikuona popo hai wala mzoga, na harufu iliyomo ni ya zamani tu. Ninachojiuliza sasa ni kama waliwahi kutoka wakakuta mlango umefungwa wakahama, au wamebanwa mahali nisipopaona. Jioni nilikaa njiani mbele ya banda mpaka giza likaingia. Hakutoka hata mmoja. Wakili alipita akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia napunga upepo. Akaniambia, "Kwa tochi?"

Mtu wa kumuuliza ni Fundi, na Fundi yuko kwao. Nilipanda na gari la vifaa mpaka mlimani kwenye mtandao, nikampigia kwa simu ya dereva. Simu yake haikupatikana. Baadaye nimeikuta kwenye karakana, imechomekwa kwenye chaji, na kando yake kuna miwani yake.

Naomba usinihukumu kwa ninalokuandikia sasa. Hakuna anayejua tarehe niliyotoa amri ile isipokuwa mimi, Fundi na Mkuu, na Mkuu husoma barua zake kwa kuchelewa. Popo huhama. Ni wanyama wa porini. Ningeweza kumwandikia mtafiti sentensi moja tu: "Kwa masikitiko, mwaka huu popo hawakuonekana." Kila neno lingekuwa la kweli.

Nifanye nini?

Kitinda


Ijumaa, 14 Juni

Kwa Fundi,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu.

Samahani kukufuata hadi likizoni. Nakuomba unijibu kwa gari la kwanza: siku ile ulipoziba Banda la Tatu, popo walikuwa ndani? Na kama walikuwa ndani, je, waliweza kutoka? Nimegundua kwamba sikupaswa kukupa amri ile. Kosa ni langu, si lako, na nitalisema hivyo kwa yeyote atakayeuliza.

Simu yako iko salama, pamoja na miwani.

Msimamizi


Jumapili, 16 Juni

Kitinda,

Unajua unachopaswa kufanya, ndiyo maana hukumwandikia sentensi yako, ukaniandikia mimi.

Mwaka wangu wa pili hapa nilimpa mwanafunzi ufunguo wa chumba ambacho mwenzake alikuwa na surua, kwa sababu sikuangalia kitabu cha zahanati. Wakaugua watatu. Nilikaa siku mbili na maelezo mazuri kabisa, yenye kila neno la kweli. Siku ya tatu nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikasema, "Ni mimi." Alinifokea mpaka karani akafunga mlango. Kisha akaniuliza tufanye nini sasa. Mpaka leo nipo hapa.

Huyo mtafiti amebakiwa na siku kumi na mbili kabla ya kupanda gari. Akijua leo, ana siku kumi na mbili za kufikiri. Akijua akiwa amefika, hana hata moja. Usimnyang'anye hizo siku ili wewe ulale vizuri. Na hulali vizuri hata hivyo, umelalia boksi la buti.

Andika. Kwa Mkuu pia.

Dada yako


Jumanne, 18 Juni

Kwa Mtafiti wa popo,

Mheshimiwa,

Nimeandika barua hii mara nne. Nakala tatu za kwanza zilikuwa na lugha nzuri kuliko hii.

Tarehe 4 mwezi huu dari na kingo za paa la Banda la Tatu zilizibwa kwa mbao, kwa amri yangu. Sikuwa nimelisoma daftari. Niliona limechakaa nikaliweka stoo. Tangu hapo nimekagua dari kupitia mfuniko, sikuona popo hai wala aliyekufa. Jioni nne nimekaa mbele ya banda, hakuna aliyetoka. Nimemwandikia fundi kumuuliza alichokiona, hajajibu. Sijang'oa mbao zozote, kwa kuogopa kuharibu zaidi nisichokijua. Ukiniagiza nizing'oe, nitazing'oa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Sina la kujitetea. Kitanda cha tano nimekiacha wazi; mwanafunzi aliyekuwa akikilalia nimemhamishia kitanda cha ziada. Nakala ya barua hii nimempelekea Mkuu wa Kituo.

Msimamizi wa Makazi


Alhamisi, 20 Juni

Kwa Msimamizi wa Makazi,

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Sitakudanganya kwamba sina hasira. Nilikuwa nimeshafungasha.

Usiguse kitu kingine chochote. Nakuja hivyo hivyo, tarehe ile ile. Kama wamehama, huenda nikawapata kwenye miti yenye mashimo kando ya kijito, nikaokoa nusu ya hesabu. Msimamizi wangu wa masomo amekubali kunipa wiki tatu za ziada. Angekataa kama ningemwomba tarehe 28.

Kwa hilo tu, asante.

Mtafiti


Jumamosi, 22 Juni

Kwa Msimamizi,

Marahaba binti. Mjukuu ni wa kike, ana sauti kama msumeno. Barua hii anaiandika mama yake kwa sababu miwani yangu unayo wewe.

Sasa tulia unisikilize. Nilikuuliza mara mbili, kote kote? Ukaniambia kote. Nami nilifanya kazi uliyoitaka: nilibana mbao za dari zote ili uchafu usidondoke kwa watoto wa watu, na nikaziba ukingo wa paa upande wa njia, ule unaouona ukiwa ofisini kwako. Upande wa kijito sikuuziba. Kule kuna mteremko na upupu, hakuna msimamizi anayefika na viatu vyake vizuri. Nimeacha upenyo wa vidole viwili, kutoka pembe mpaka pembe. Hao wadudu wako hawatumii mlango mwingine.

Darini hukuwaona kwa sababu mchana bati likipata moto hushuka, wanajibana kwenye ukuta wa mbao mbili upande ule ule wa kijito. Weka sikio ukutani juu ya kitanda cha tano utawasikia wanakwaruza. Jioni zunguka nyuma ukakae. Vaa suruali ndefu.

Wewe ni msimamizi wa tatu kunipa amri hiyo. Kila mmoja nilimzibia mbele nikamwachia nyuma, kila mmoja akafurahi. Wa kwanza simtaji, maana siku hizi ni mkubwa wa watu. Ila wewe ndiye wa kwanza kuniandikia kuuliza kama walitoka. Hao wengine mpaka leo hawajui kitu.

Simu izime, inakula umeme wa bure.

Fundi


Jumatano, 26 Juni

Dada yangu,

Wapo! Nimeanza na hilo ili usije ukapita mstari mmoja bila kujua. Wapo wote, wazima, na sikuua hata mmoja.

Barua ya Fundi ilifika jana mchana. Aliwaachia upenyo nyuma ya banda, upande wa kijito, mahali ambapo mimi, pamoja na jedwali langu la rangi tatu, sikuwahi kukanyaga. Niliisoma nimesimama kando ya gari la vifaa, dereva akadhani nimefiwa. Nilikimbia Banda la Tatu na buti zangu za matope, nikapanda kitanda cha tano mbele ya Wakili aliyekuwa anabandika siafu wake kwenye kadi, nikaweka sikio ukutani. Dada, kulikuwa na mkwaruzo mdogo mdogo, kama watu wengi wanaokunja karatasi chumba cha pili. Nikakaa kitandani nikalia. Wakili akaweka gundi chini. "Msimamizi," akasema, "hili nalo niliandike?"

"Liandike," nikamwambia. "Nami nitasaini."

Jioni tulizunguka nyuma, mimi na yeye. Upupu umenila mpaka shingoni. Jua lilipoanza kugusa miti akatoka wa kwanza, akaanguka kidogo hewani kama jani, kisha akaruka. Wakafuata wawili, kisha wakamiminika. Mimi nilihesabu kwa sauti, Wakili akapiga mistari kwenye daftari lake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubisha. Mia mbili na kumi na moja. Mwaka jana walikuwa mia moja tisini na saba.

Nimemwandikia mtafiti usiku huo huo, barua ya mistari mitatu, na dereva ameondoka nayo leo kwa safari ya dharura niliyoiombea ruhusa kwa mpishi, maana ndiye mkubwa aliyekuwepo.

Kuna jambo lingine. Fundi anasema mimi ni wa tatu kumpa amri ile, na wa kwanza hataki kumtaja. Nilifungua kurasa za mwanzo za daftari, za miaka kumi na miwili iliyopita, kabla mtafiti hajafika hapa. Sahihi ya msimamizi wa kwanza naifahamu vizuri. Iko chini ya barua yangu ya ajira.

Kwa hiyo kwa Mkuu nimeandika hivi tu: "Fundi aliacha upenyo, kama alivyofanya kwa waliotangulia." Nadhani nimejifunza kuandika kwa ufupi.

Nitathibitishwa au sitathibitishwa, sijui. Jana nimelala saa tisa mfululizo juu ya boksi la buti.

Kitinda


Jumatatu, 8 Julai

Kwa Msimamizi wa Makazi,

Nimezipokea barua zako tatu kwa siku moja, na kwa bahati mbaya nilizisoma kwa mfuatano: jedwali, msiba, kisha ufufuko. Chai yangu haikunyweka.

Mtafiti ameniandikia pia. Hesabu yake amekwisha kuifanya jioni sita, na anasema yako imetofautiana na yake kwa popo watatu. Ameomba jina lako na la mwanafunzi wa siafu yaingie kwenye shukrani za tasnifu. Mwanafunzi huyo ameniandikia kivyake kuthibitisha kwamba amearifiwa.

Umeandika, kwa adabu nyingi, "waliotangulia". Nimewahesabu waliotangulia. Tukiwatoa wale ambao hawakuwahi kumwagiza Fundi jambo lolote, wanabaki wawili, na wa kwanza ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza pale nilimwambia azibe. Baada ya wiki chache niliona popo angani nikaamini kwamba wamerudi kwa nguvu zao wenyewe. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikilisimulia jambo hilo kwenye mikutano, kwa michoro, kama mfano wa jinsi viumbe wanavyoweza kurejea makaoni mwao baada ya kufukuzwa. Mwezi uliopita tu nililisimulia hapa, ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe hawakuwahi kuondoka. Walikuwa wanatumia mlango wa nyuma.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Barua ya kukuthibitisha kazini nimeisaini. Imo katika bahasha hii. Sikuisaini kwa sababu popo wako hai, maana hilo ni la Fundi. Nimeisaini kwa sababu ya barua yako ya tarehe 18, uliyoiandika ukiamini wamekufa. Jedwali libaki mlangoni pa jiko, linapendeza. Daftari litoke stoo nalo litundikwe kando yake, na ukurasa wa kumi na mbili uuongezee, kwa mwandiko wako, habari za upande wa kijito, ili msimamizi wa nne asilazimike kuvaa suruali ndefu. Na nimesikia unakolala. Chumba cha wageni kina vitanda viwili na mimi ninatumia kimoja mara mbili kwa mwaka. Hamia humo kabla sijafika.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Jioni hiyo niwekee kiti nyuma ya Banda la Tatu. Fundi akikuuliza cha nani, mwambie ni cha mtafiti. Ameitunza siri hii kwa adabu miaka yote hiyo, na sitaki kumharibia.

Mkuu wa Kituo